Mwezi kupatwa kikamilifu: kwa nini si kila mwezi mpevu, na wekundu unatoka wapi?

Tazama_Juu:
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua falaki. Mwezi ukiwa mpevu, Dunia huwa katikati ya Jua na Mwezi. Sasa mbona Mwezi haupatwi kila mara unapokuwa mpevu? Pili, ukishazama wote kivulini, kwa nini haupotei kabisa bali unabaki mwekundu? Tatu, majedwali ya saa za kupatwa yanaandika hatua kama P1, U1, U2 na kuendelea: zipi ni za kuamkia na zipi za kuendelea kulala? Mwenye mipangilio ya kamera naye asiniache.

Njia_ya_Mwezi:
Mkuu, swali la kwanza ni la vipimo tu. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5.1 hivi kutoka kwenye bapa la mzunguko wa Dunia. Kwa umbali wa km 384,400, mwinamo huo unaweza kuupeleka Mwezi km 34,000 juu au chini ya bapa hilo.

Kivuli je? Chukua kipenyo cha Jua km 1,391,000, cha Dunia km 12,742, na umbali wa kati yao km milioni 149.6. Kwa hesabu ya pembetatu zinazofanana, kivuli kizito cha Dunia (sehemu ambamo Jua limezibwa lote) kinachongoka hadi kuisha kwenye km milioni 1.38. Pale Mwezi ulipo kimeshapungua:

12,742 × (1 − 384,400 ÷ 1,382,000) = km 9,200 hivi

Hiyo ni mara 2.6 ya kipenyo cha Mwezi, ambacho ni km 3,474. Kutoka katikati ya kivuli hadi ukingoni ni km 4,600 tu, na Mwezi unaweza kupita km 34,000 pembeni. Kwa hiyo kukosana ndiyo kawaida, kupatana ndiyo nadra.

Hupatana pale mwezi mpevu unapoangukia karibu na moja ya sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi inalikata bapa la Dunia. Sehemu hizo huitwa vifundo. Jua hupitia kifundo kila baada ya siku 173 hivi, ndiyo maana misimu ya kupatwa hufuatana kwa karibu nusu mwaka. Tarehe hazitulii kwa sababu vifundo navyo vinarudi nyuma, vikikamilisha duara kwa miaka 18.6. Tena msimu kufika si dhamana: mwaka 2027 Mwezi unapatwa mara tatu, zote za kivuli hafifu, yaani cha nje, ambako Jua limezibwa kwa sehemu tu. Wa kikamilifu ni 31 Desemba 2028, halafu 26 Juni 2029, ambapo Mwezi unapita karibu kabisa na kitovu cha kivuli.

Muda nao unapatikana hapohapo. Ukilinganisha na kivuli, Mwezi unakwenda km 3,400 hivi kwa saa. (9,200 − 3,474) ÷ 3,400 ni saa 1.68, yaani dakika 101. Angahewa hukinenepesha kivuli kwa asilimia 2 hivi, na kasi ya Mwezi hupungua ukiwa mbali, hivyo dakika huweza kuongezeka kidogo. Ule wa 27 Julai 2018 ulidumu dakika 103 ndani ya kivuli kizito.

Mchana_Usiku:
Kuhusu wekundu, nadhani ni ule mwanga wa Dunia unaoakisiwa Mwezini, kama tunavyouona upande wa giza wa mwezi mwandamo.

Pindo_la_Anga:
Hapana ndugu. Huo mwanga unahitaji uso wa mchana wa Dunia uelekee Mwezini. Wakati wa kupatwa, Mwezi unatazamana na upande wetu wa usiku, hakuna cha kuakisi.

Wekundu ni mwanga wa Jua uliopenya kwenye angahewa pembezoni mwa Dunia na kupindwa kuelekea ndani ya kivuli. Njiani, hewa hutawanya zaidi rangi ya buluu, unabaki mwekundu na wa machungwa. Ukitazama kutoka Mwezini, Dunia inafunika takribani nyuzi 0.95 kutoka kitovu chake hadi ukingo, na mwanga unaopita karibu na ardhi hupindwa kupita kidogo nyuzi 1. Kwa hiyo unafika hata kitovuni mwa kivuli. Lakini ni ule wa chini tu unaofika huko, wenye kupita kwenye mawingu na vumbi, na ndiyo maana kitovu ni cheusi kuliko kingo.

Mwanga wa juu, kwenye tabaka la ozoni, hupindwa kidogo na huangukia karibu na ukingo. Ozoni hufyonza wekundu, kwa hiyo dakika chache baada ya U2 (Mwezi umezama wote) na kabla ya U3 (unaanza kutoka) tafuta utepe wa buluu hafifu kwenye ukingo unaong'aa zaidi. Wengi hawauoni kwa sababu wanasubiri kilele.

Rangi haitabiriki kwa uhakika. Kipimo cha Danjon huanzia 0, Mwezi karibu kutoonekana, hadi 4, wa shaba angavu. Mlima Pinatubo ulilipuka Juni 1991, na Mwezi uliopatwa 9 Desemba 1992 ulikuwa mweusi ajabu kwa sababu ya chembe zilizobaki angani juu.

Lenzi_na_Subira:
Majedwali: mfano wa 7 Septemba 2025, kwa UTC (saa ya kimataifa). P1 15:28, kuingia kivuli hafifu. U1 16:27, kugusa kivuli kizito. U2 17:31, umezama wote. Kilele 18:12. U3 18:53, unaanza kutoka. U4 19:56, umetoka wote kwenye kivuli kizito. P4 20:55, umetoka kivuli hafifu. Usiamkie P1, hutaona kitu. Weusi kidogo hujitokeza kwenye dakika 20 hivi za mwisho kabla ya U1. Amkia U1. Angalia na tarehe: kilele cha 31 Desemba 2028 ni kama 16:52 UTC, na walio saa 8 mbele watakuwa tayari 1 Januari.

Kamera: kabla ya U1 anza na ISO 100, f/8, sekunde 1/250. Kati ya U2 na U3 nenda ISO 1600, f/5.6, sekunde 1. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 8,000, ndiyo maana ukiiachia kamera ijiamulie inaharibu picha. Kosa la pili ni ukungu wa mwendo: gawanya 200 kwa urefu wa fokasi (mm), jibu ndilo kikomo cha sekunde usichopaswa kuzidisha. Lenzi ya mm 400, nusu sekunde. Mwezi ukiwa mweusi, pandisha ISO badala ya kurefusha muda. Tumia tripodi, zima kitulizaji cha lenzi, weka kipima saa cha sekunde 2. Fokasi ifanye kwa mkono kabla ya U2, maana gizani ile ya kujiendesha hutafuta bila kushika. Upana wa Mwezi kwenye sensa ni fokasi ÷ 110: mm 200 inakupa mm 1.8, basi usishangae ukiuona mdogo.

Tazama_Juu:
Nimeelewa, shukrani. Miwani ile ya kutazamia Jua likipatwa nayo inahitajika?

Lenzi_na_Subira:
La. Ukiivaa hutaona chochote kati ya U2 na U3. Macho matupu yanatosha, na darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 inaonyesha utepe wa buluu vizuri kuliko simu yoyote.