MJADALA: Mwanafunzi wa udaktari wa Afrika Mashariki ana kazi gani na bomu la nyuklia?

Mleta mada

Wakuu, nianze na kilichonileta. Wiki mbili zilizopita tukiwa raundi wodini, daktari bingwa anayetufundisha alipata habari kwamba watatu kati yetu tumo kwenye kikundi cha wanafunzi kinachopinga silaha za nyuklia. Akatuonyesha kitanda kilicholaliwa na kina mama wawili. "Hawa wanabanana hapa, ninyi mnahangaika na mabomu ya Warusi na Wamarekani." Sikumjibu. Si adabu kubishana na mwalimu mbele ya mgonjwa. Ila maneno yale hayajanitoka, na nataka tuyajadili.

Mimi nasema kazi hii ni yetu, na sababu yangu ya kwanza inaanzia Katanga, kusini mwa Kongo. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya mgodini na sokoni. Kampuni ya Wabelgiji ilikuwa imeshavusha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York kabla Wamarekani hawajaanza kuyatafuta. Waliochimba hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Kwa hiyo mtu akiniambia bomu ni la wenyewe huko, namuuliza udongo ulikuwa wa nani.

Sababu ya pili ni udaktari wenyewe. Hiroshima, Agosti 6, 1945, takribani asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa mji waliuawa au kujeruhiwa. Marcel Junod, daktari Mswisi wa Msalaba Mwekundu, alifika na tani 15 za dawa na vifaa mnamo Septemba 8, mwezi mzima umepita. Hadi mwaka unaisha, watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Sasa fikiria wodi yetu. Mgonjwa mmoja aliyeungua nusu ya mwili anamaliza nguvu zetu zote: maji ya mshipani, damu, dawa ya maumivu, kumsafisha na kumfunga vidonda kila siku huku analia. Wakija elfu ishirini asubuhi moja, na wodi yenyewe imeteketea, nani atampokea nani? Ugonjwa usio na tiba tumefundishwa kuukinga.

Ndivyo walivyoona Bernard Lown wa Marekani na Yevgeny Chazov wa Urusi ya Kisovieti, madaktari wa moyo, walipoanzisha IPPNW mwaka 1980, umoja wa madaktari wa kuzuia vita vya nyuklia. Serikali zao zilikuwa zinatishana. Wao wakakaa meza moja. Mwaka 1985 umoja huo ukapewa Nobeli ya Amani. Kuanzia 2001 wanafunzi wa umoja huo wakaanza safari zao wenyewe, kwenda kuzungumza na wanafunzi wenzao katika nchi zenye mabomu. Hapo ndipo ninapouona uzito wa wanafunzi. Mhindi na Mpakistani wanaosoma udaktari wanaogopa mtihani uleule wa anatomia. Wakalishe pamoja wahesabu vitanda vya majeruhi wa moto vilivyopo Delhi na Lahore, watapata jibu moja. Na mjadala huu umeshafika kwetu: mkutano wa dunia wa IPPNW wa Aprili 2023 ulifanyika Mombasa.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Mchangiaji

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, mwaka wa kumi na sita huu. Usiku wa kuamkia jana nimezalisha kwa mwanga wa simu. Sikukatazi kupenda amani. Nakuuliza muda na nauli. Mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi ulipitishwa 2017 kwa kura 122, na wenye mabomu hata mmoja hakuwemo. Mmewafunga nani? Halafu itazame Ukraine. Mwaka 1994 ilikubali kuyatoa mabomu yaliyobaki kwake Urusi ya Kisovieti ilipovunjika, ikaahidiwa mipaka yake itaheshimiwa. Mwaka 2022 ikavamiwa. Nani atakubali tena? Wanaowalipia tiketi za ndege kwenda mikutanoni, waombeni glavu.

Mleta mada

Shikamoo dada. Hoja ya Ukraine inaniuma na sina jibu la kuifuta. Naweza kusema amri ya kuyarusha mabomu yale ilikuwa Moscow, lakini najua ahadi ilivunjwa mbele ya dunia nzima.

La glavu silikubali. Kwa hesabu za ICAN, kampeni iliyozaliwa na madaktari hao wa IPPNW, nchi tisa zenye silaha hizi zilitumia dola bilioni 91.4 mwaka 2023 pekee. Tiketi ya mwanafunzi haijakunyima taa ya chumba cha kuzalishia.

Na kusema wanyonge hatumfungi mtu, kumbuka Pelindaba, mkataba unaoifanya Afrika iwe eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulitiwa saini Cairo 1996, ukasubiri nchi 28 ziuridhie. Ya 28 ilikuwa Burundi, na Julai 15, 2009 ukaanza kutumika. Burundi, dada, iliyokuwa imetoka vitani juzi tu! Afrika Kusini nayo ilikuwa na mabomu sita yake yenyewe, ikayavunja.

Kazi ya hapa nyumbani ipo. Kongo, yenye Shinkolobwe, iliridhia mkataba ule wa 2017 mwaka 2022. Tanzania ilitia saini 2019, na hadi 2024 unaisha ilikuwa haijauridhia. Na urani tunayo pia, Mto Mkuju, Namtumbo. Kupima afya ya wachimbaji, maji ya visima, vumbi wanalorudi nalo nyumbani kwenye nguo: hiyo si nauli ya ndege, hiyo ni basi la Songea.

Kama humu yupo aliyekulia Likasi, au anayeishi Namtumbo, naomba aseme wazee wanasimulia nini kuhusu mawe hayo.