MJADALA: Prana ni nguvu ya kweli, au ni pumzi tu iliyopewa jina kubwa?

Mleta mada:
Wakuu, naleta hoja, msinirushie mawe. Kwenye darasa la yoga ninalohudhuria, mwalimu alimpitishia mkono dada mmoja mwenye pumu, shubiri moja juu ya kifua, bila kumgusa. Akamwambia, "Prana yako," yaani nguvu ya uhai, "imeziba hapa." Kisha akampangia vikao sita vya kuizibua, kwa malipo. Dada wa watu akalipa, na inhela yake ya kuvutia dawa ya pumu mfukoni. Tangu siku hiyo najiuliza kama prana hii ya kulipiwa ndiyo ile ya vitabu vya Wahindi.

Nimerudi kwenye Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu. Katika mojawapo, Chandogya, kuna kisa nakipenda sana. Usemi, Jicho, Sikio, Akili na Pumzi waligombania ukubwa. Wakaambiwa: mkubwa ni yule ambaye akiondoka, mwili unabaki katika hali mbaya kuliko zote. Usemi akaondoka mwaka mzima, akarudi akakuta mwili umeishi kama bubu. Jicho akaenda, mwili ukaishi kama kipofu. Sikio na Akili nao vivyo hivyo. Pumzi alipoinuka tu kutaka kutoka, akawang'oa wenzake wote, kama farasi mkali anavyong'oa vigingi alivyofungiwa. Wakamsihi: usiende, mkubwa ni wewe.

Pumzi huyo ndiye Prana. Sioni umeme hapo wala kitu cha kuziba kama bomba la jikoni. Naona uhai, kile tunachosema mtu akifa "amekata roho".

Kwa maoni yangu mambo yalianza kuchanganyika kwenye tafsiri. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu kutoka India, alifika Chicago mwaka 1893, na mwaka 1896 katika kitabu chake Raja Yoga akaeleza kwamba prana ndiyo inayojidhihirisha kama mwendo, mvutano wa dunia na usumaku. Alikuwa anawaandikia watu wa zama za umeme kwa lugha waliyoipenda. Lakini ukishaiita nguvu ya kifizikia, tuna haki ya kudai ipimwe. Swali langu: mwalimu wa yoga aruhusiwe kudai anatibu kwa prana?

Mwalimu wa chaki:
Hapana, na sababu ninayo. Emily Rosa, mtoto wa Marekani, akiwa na miaka 9 aliwajaribu watu 21 waliodai kuhisi nishati ya mwili kwa viganja. Kila mmoja alipitisha mikono yake chini ya kizuizi asione upande wa pili. Emily akarusha sarafu kuchagua mkono, kisha akaweka kiganja chake juu yake bila kugusa. Swali moja tu: niko kulia au kushoto? Katika majaribio 280 walipatia 123, asilimia 44. Ungebahatisha ungepata nusu! Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Mkekani:
Mkuu, hao walikuwa watu wa tiba ya viganja, si yoga. Usitupakie mzigo usio wetu. Mimi nafundisha, na huyo mwalimu wa pumu simtetei.

Ila mkisema tufute neno prana, mnatunyang'anya zana. Mwanafunzi anaingia bado anagombana na simu. Namkalisha, anakunja kidole cha shahada na cha kati, anaziba tundu la kulia la pua kwa gumba, anavuta kushoto. Anaziba kushoto kwa kidole cha pete, anatoa kulia, anavutia hapo hapo kulia, anatolea kushoto. Dakika kumi baadaye mabega yameshuka. Nikimwambia "nyoosha mkono" anakaza shingo. Nikimwambia "peleka vyana mpaka ncha za vidole" mkono unajinyoosha wenyewe. Vyana ni prana inayosambaa mwili mzima, apana inashuka na kutoa taka, samana inahusika na mmeng'enyo, udana inapanda na sauti. Ni ramani. Nani aliwahi kukuta mstari wa ikweta umechorwa chini?

Jimbo la Alabama, Marekani, liliruhusu tena yoga shuleni mwaka 2021, lakini likapiga marufuku mantra, yaani maneno matakatifu yanayokaririwa, na hata salamu ya namaste. Kilichobaki ni kujinyoosha.

Msomaji wa kando:
Alabama ina hoja, mwalimu. Mtoto wangu akifundishwa prana anafundishwa dini ya watu. Baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga kwa Waislamu mwaka 2008 kwa wasiwasi kama huo.

Mkekani:
Sikukatazi kulea unavyotaka, ndugu yangu. Ila watafiti wa Italia walipima watu 23 mwaka 2001, wakisali rozari kwa Kilatini na wakikariri mantra. Zote mbili ziliteremsha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mdundo huo.

Msomaji wa kando:
Basi afundishwe kupumua polepole. Prana ya nini tena?

Mleta mada:
Mkekani, ramani nimeikubali. Hata Kiswahili chetu kinajua: kupumua, pumzi, kupumzika, shina moja. Ninachokataa ni ramani kuandikiwa risiti ya matibabu. Hatha Yoga Pradipika yenyewe, kitabu cha zamani cha yoga, inasema pumzi hufugwa polepole kama simba, tembo na chui milia, la sivyo itamuua mfugaji. Sasa nijibu moja. Yule dada angekuja kwako, ungemwambia nini?

Mkekani:
Kwamba asibane pumzi hata kidogo, na inhela aitoe mfukoni aiweke juu ya mkeka, karibu na mkono wake wa kulia. Na hela ya vile vikao sita akaidai.