Tupeane uzoefu: Mafua yameshuka kifuani, uko nyumbani na mgonjwa, ulimuuguzaje?

Kijana wa Barabara ya 12
Wakuu salaam. Kusi limeingia na nyumba nzima huku Ngamiani, Tanga, inakohoa. Alianza mdogo wangu, nikafuata mimi, sasa ni mama, leo siku ya tatu. Homa, viungo vinauma, koo anasema kama amemeza miba, na usiku kifua kinakwaruza mpaka nasikia nikiwa ukumbini. Zahanati wamempima malaria, hana. Daktari kasema ni virusi, akae nyumbani, anywe vitu vya majimaji, ameze panadol, "hali ikibadilika mrudishe." Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Hali ikibadilika inaonekanaje? Niko peke yangu naye, dada yuko Muheza. Mliowahi kuuguza, nielezeni.

Bint Duga
Pole sana kaka. Mama yangu mwaka jana hivi hivi. Alikataa kula siku mbili, nikaacha kugombana naye habari ya ugali. Nikampikia uji mwembamba wa mchele, tui kidogo na chumvi, nampa vijiko vitatu, anapumzika, vijiko vitatu tena. Kikombe kimoja kilichukua saa nzima. Kipimo changu kilikuwa mkojo. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi naongeza maji au dafu. Siku ulipotoka mweupe ndipo na mimi nilipopata usingizi.

Mzee wa Makorora
Nyungu. Mwarobaini, mkaratusi, mchaichai, maganda ya limau. Blanketi juu, dakika kumi, asubuhi na jioni. Mwaka 2021 tulipona kwa hiyo na kwa Mungu.

Shem wa Pongwe
Naunga mkono.

Mama Pacha
Nilikuwa napita tu, lakini hilo neno nyungu limenirudisha mbali. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Machi 2021, siku zile kila mtu anasema "changamoto ya upumuaji" na simu ikiita usiku unaogopa kupokea. Mume wangu aliumwa, akafuata mama mkwe. Mvua inanyesha, uani hapakaliki, tukaingiza jiko la mkaa chumbani ili sufuria lisipoe. Dirisha tukafunga. Chini ya mlango tukaziba kwa kanga, mvuke usitoke. Wao wawili wakaingia ndani ya blanketi, mimi nimekaa kitandani nasubiri zamu yangu.

Kichwa kikaanza kunigonga. Mama akasema anasikia usingizi. Mume wangu hakusema kitu. Nikataka kuinuka, miguu ikagoma. Naiona ile pale, lakini haikuwa yangu. Nikajisemea ndiyo korona yenyewe hii imefika.

Aliyetuokoa ni mwanangu, wakati huo ana miaka tisa. Alikuwa anatafuta pampu ya baiskeli. Akausukuma mlango, akaita, hatujibu, akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Majirani wakatuburuta mpaka barazani kwenye mvua. Mume wangu jani la mwarobaini limemganda shavuni, macho yamefumba. Hospitali wakamwekea oksijeni. Nesi akaniuliza swali moja tu: "Jiko lilikuwa ndani?" Akanieleza kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, haina rangi wala harufu, inakamata nafasi ya oksijeni kwenye damu. Unalegea, unasinzia, hujui kama unakufa. Na ukiwa tayari unaumwa unadhani ni ugonjwa.

Wote tulipona, alhamdulillah. Mama mkwe kichwa kilimuuma mwezi mzima. Mpaka leo nikiona jiko limevuka kizingiti cha mlango nalitoa hata kama si nyumba yangu.

Bint Duga
Mwili umenisisimka.

Shem wa Pongwe
Mungu mkubwa. Huyo mtoto anunuliwe baiskeli mpya.

Mama Pacha
Alinunuliwa. Ya gia.

Mzee wa Makorora
Pole sana mwanangu. Lakini kilichowadhuru ni jiko, si nyungu. Msichanganye mambo.

Mfamasia wa Chumbageni
Shikamoo mzee wangu. Jiko ndilo baya zaidi, kweli. Ila na nyungu tuiseme ilivyo: inafungua pua, mtu anajisikia mwepesi kwa muda, lakini kirusi hakifi kwa mvuke. Na nimeona mtoto aliyebabuka mapaja yote mawili, sufuria lilipinduka ndani ya blanketi. Mtu mzima akitaka mvuke, maji yaepuliwe huko huko uani, yamiminwe kwenye beseni juu ya meza imara, yasiwe yanatokota, dirisha wazi. Mtoto hapana.

Mzee wa Makorora
Marahaba. Na babu zako walitibiwa kwa nini?

Mfamasia wa Chumbageni
Kwa hayo hayo mzee, na hatusemi yaachwe yote. Mchaichai na tangawizi ya vuguvugu vinalainisha koo. Nyumbani kwangu vipo.

Boda wa Mabawa
Mnazunguka sana. Nunua amoksi, siku tatu umesimama. Mimi kila mafua ni hivyo.

Mfamasia wa Chumbageni
Kaka, hapo ndipo tunapoumia. Amoksi inaua bakteria, virusi haiwagusi. Hizo siku tatu ungesimama hata ungekunywa maji matupu, maana mafua mengi huanza kulegea yenyewe ndani ya siku hizo. Unachofanya ni kuwafundisha bakteria walio mwilini mwako kuizoea dawa, na siku ukiihitaji kweli haitakusikia.

Jingine, kwako mwenye mada: angalia pakiti za "dawa ya mafua." Nyingi ndani zina paracetamol, ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye panadol. Mtu anameza panadol mbili, juu yake dawa ya mafua mbili, kumbe kazidisha na ini ndilo linalolipa. Mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, apishe saa sita, kwa siku nzima visizidi 8 ukihesabu na vilivyojificha kwenye hizo pakiti. Kama mama ana tatizo la ini au uzito wake ni mdogo sana, muulize daktari, dozi yake huenda ikawa chini ya hapo.

Boda wa Mabawa
Mbona dukani wananiuzia bila kuniuliza?

Mfamasia wa Chumbageni
Wanakosea.

Mwana Raskazone
Mie nakumbusha 2019, dengue, ile homa ya mbu, ilipopiga Dar na huku kwetu Tanga. Nilijua ni mafua, mwili unavunjika, macho yanauma kwa ndani. Nikameza diklofenaki. Fizi zikaanza kutoa damu, ndipo nikakimbizwa. Kumbe pua haikuwa na kamasi hata tone, na sikukohoa. Homa bila mafua wala kikohozi, kapime, na usiguse dawa kali za maumivu mpaka ujue. Panadol tu.

Mama Mwanaidi
Je, mtoto wa miezi sita? Bibi yake anataka kumlambisha asali na habasoda, kikohozi hakimwachi.

Mzee wa Makorora
Sisi wote tulilambishwa asali.

Mhudumu wa Afya Amboni
Mama Mwanaidi, asali usimpe kabla hajatimiza mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, vikatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Baada ya mwaka, kijiko kabla ya kulala kinasaidia kikohozi kweli. Kwa sasa mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo, na pua iliyoziba idondoshee maji ya chumvi ya duka la dawa kabla hajanyonya.

Halafu mvue shati umtazame kifua akiwa ametulia, halii. Hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima, si nusu. Miezi miwili mpaka chini ya mwaka, pumzi zikifika 50 mpeleke. Mwaka mpaka mitano, 40. Na chini ya mbavu pakibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usihesabu tena, ondoka.

Kijana wa Barabara ya 12
Na mtu mzima?

Mhudumu wa Afya Amboni
Akiwa ametulia, pumzi 12 mpaka 20 kwa dakika. Zikifika 30 usingoje kuche. Ila namba peke yake haitoshi, msikilize. Muulize kitu kinachohitaji sentensi ndefu, mathalani safari yake ya kwanza Lushoto. Akikatika katikati ya maneno kutafuta pumzi, hiyo ndiyo hali kubadilika uliyoambiwa. Nyingine ni kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu, maumivu ya kifua, kushindwa kunywa, na homa iliyokwisha ondoka kisha ikarudi na kikohozi kizito. Hiyo ya mwisho wengi hupuuza, ndipo nimonia inapokuwa imeingia, na hapo dawa ya bakteria ina kazi yake, kwa daktari.

Shem wa Pongwe
Mimi nina kile kifaa cha kubana kidole, cha kupima oksijeni. Ikisoma chini ya 94 ndiyo mbaya?

Mhudumu wa Afya Amboni
Ndiyo, apelekwe. Ila kidole kisiwe na piko wala rangi ya kucha, kinadanganya. Na mkono uwe na joto.

Bint Duga
Kaka, na mito. Mama alikuwa anakohoa akilala chali. Nilimpandishia mito miwili mgongoni, dirisha la upande wa uani wazi hata kama kusi linaingia, nikamfunika shuka miguuni. Wewe vaa barakoa ukimhudumia, na kikombe chake kiwe chake.

Mama Pacha
Na wewe ule. Mwuguzaji akianguka nyumba nzima imeanguka.

Kijana wa Barabara ya 12
Nimesoma zote, sikulala. Saa saba usiku nilimhesabia, 22. Nikamuuliza habari ya Lushoto, akanisimulia mpaka jina la kondakta wa basi, hakukatika hata mara moja. Saa kumi na moja alfajiri 19. Amekojoa. Sasa hivi ameniita, anataka chai ya mchaichai.

Mzee wa Makorora
Mpelekee. Na jiko liache huko huko uani.