Nyuki mdoezi: auawe ndipo jina lake lijulikane, au picha ya simu yatosha?

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Wadau, assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Kuna vijana hapa mjini wanaojifunza wadudu. Mvua za vuli zikinyesha wanataka kwenda kaskazini, kwenye nchi kavu ya Garissa na kuendelea hadi pembezoni mwa jangwa la Chalbi kule Marsabit, kutafuta nyuki wadoezi. Walipokuja kuomba mchango wa nauli ndipo ubishi ulipozuka. Baadhi yao wanasema ni lazima wakamate na kuua wachache, la sivyo safari ni bure. Wengine wanasema zama za kumchoma mdudu pini zimepita, kila mtu ana kamera mfukoni. Wazazi wameingia, walimu wa madrasa wameingia, na sasa hakuna anayetoa hata shilingi. Nalileta hapa tulijadili kwa uwazi.

Kwa asiyewajua: nyuki mdoezi hajengi kiota na wala habebi chavua. Jike huvizia kiota cha nyuki mwingine aliyechimba ardhini au kwenye ukuta wa udongo. Kuna wanaoingia mwenyeji akiwa ametoka, wakaficha yai kwenye ukuta wa chumba ambacho bado kiko wazi. Kuna wanaosubiri chumba kizibwe, wakatoboa kifuniko, wakataga, wakaziba tena. Mara nyingi buu lao huanguliwa likiwa na mataya marefu yaliyopinda, likamuua mtoto wa mwenye nyumba, kisha likala chavua yote aliyowekewa. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki zilizokwisha kupewa majina, na zaidi ya moja katika kila kumi huishi hivi.

Na kwa nini jangwani? Kwa sababu nyuki, tofauti na viumbe wengi, hawana aina nyingi zaidi kwenye misitu ya mvua. Wamejaa nchi kavu zenye joto: kusini magharibi mwa Marekani, ukanda wa Mediterania, kusini mwa Afrika. Huko huamka mvua inyeshapo na maua yachanuapo, wakaruka wiki chache, wakatoweka. Mabuu ya baadhi yao hubaki chini ya mchanga zaidi ya mwaka mzima yakingoja mvua. Mdoezi naye hana budi kuamka wakati uleule na mwenyeji wake, akikosea amekwisha. Ndiyo maana ukimwona mdoezi ujue wenyeji wake wapo, tena kwa wingi wa kutosha. Wenyeji wakipungua, yeye ndiye wa kwanza kupotea.

Msimamo wangu nausema mapema: wauawe, ila wachache, na kwa masharti. Picha nzuri hukufikisha kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, na kwa wadoezi hapo ndipo mara nyingi inapokwama.

Chukua Thyreus, ambaye hata hapa Pwani yupo. Mweusi, ana madoa ya manyoya meupe au ya buluu mpauko, na nyuma ya kifua ana bamba linaloishia kwa ncha mbili kama meno. Si rahisi kumchanganya na nyuki mwingine. Lakini ni Thyreus yupi? Hapo unatakiwa uone ukingo wa lile bamba umekatwa vipi katikati, madoa ya miguuni yameishia wapi, na kwa dume uone viungo vilivyofichika ndani ya ncha ya tumbo, ambavyo bila hadubini na sindano huvioni. Madoa yenyewe hufutika. Nyuki aliyekwisha kuingia na kutoka kwenye mashimo ya mchanga kwa wiki kadhaa amebaki mweusi karibu mwili mzima, na picha yake itakudanganya.

Coelioxys, anayedoea kwa nyuki wakata-majani, jike wake ana tumbo lililochongoka na dume ana miiba mkiani. Jike hutofautishwa na mwenzake kwa umbo la mabamba mawili ya mwisho, la juu na la chini. Picha ya kutoka juu, ambayo ndiyo kila mtu hupiga, hukosa la chini. Sphecodes ndiye mgumu kupita wote: mdogo, tumbo jekundu, wote wanafanana. Wala usipime kwa ukubwa, maana mdoezi hukua kwa kadiri ya chakula alichokikuta. Spishi ileile, mmoja mdogo na mwingine mkubwa, kwa sababu walilelewa kwenye vyumba tofauti.

Haya, karibuni.

Mfuga nyuki, Gede

Mwalimu, mimi naona mnajisumbua. Mdudu anayeua watoto wa nyuki ni adui wa mfugaji. Kwa nini mtafute jina lake? Mkimkuta ueni, wachache au wengi. Mizinga yangu iliyo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke imehamwa mitatu mwaka huu, na sasa ninaanza kushuku hawa hawa.

Mchangiaji, Lamu

Wa aleikum salaam. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na wadudu ninawapenda tangu utotoni, kwa hiyo msidhani nimekuja kuzuia elimu.

Imepokewa kwa Ibn Abbas, na Abu Dawud ameiandika, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa wanne: mdudu chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Na ndani ya Qur'ani kuna sura nzima yenye jina la nyuki, ya 16. Najua mtu atasema kilichokusudiwa ni nyuki wa asali. Mimi sioni pa kumtenga yule wa asali na nduguze. Wanazuoni wana mlango wa dharura na mlango wa madhara, lakini kutaka kujua jina la mdudu ambaye hajakudhuru ni dharura gani? Mwanzilishi umesema wachache. Wachache ni wangapi? Na wakifika vijana kumi na kila mmoja akachukua wachache wake?

La pili, naona umeidharau picha kwa haraka. Matondoni kuna nyumba yetu ya ukoo, ukuta wake wa nyuma ni wa udongo, umetobolewa mashimo na wale nyuki wenye mistari ya buluu tumboni. Thyreus hupitapita mbele ya ukuta ule asubuhi, anasimama hewani, anatazama shimo moja, anahamia jingine. Wakati huo humpigi picha ya maana hata ukiwa na kamera ya bei gani. Lakini njoo magharibi. Anakwenda kwenye kijiti kikavu cha nyasi, anakiuma kwa mataya, anakunja miguu, analala ananing'inia hivyo mpaka alfajiri. Unamzunguka kwa taa ndogo. Nimepiga mgongo, ubavu, miguu yote na lile bamba lenye meno ukingo wake ukionekana wazi. Hakuamka. Sasa niambie, huyo nimuue kwa lipi nililolikosa?

Mwanafunzi, Malindi

Shikamoo walimu wangu, shikamoo mzee. Mimi ni mmoja wa hao vijana, na ni wa upande wa kutoua.

Hatutegemei picha peke yake. Kuna njia ya kumtia nyuki kwenye kichupa ndani ya kasha la barafu, na barafu tunapata kwa wavuvi. Dakika chache ametulia, unamgeuza unavyotaka, unampima, unampiga picha, kisha unamweka juani anaruka. Akiwa ametulia unaweza kukata kipande kidogo cha mguu kwa ajili ya vinasaba. Husomwa sehemu ya jeni moja iitwayo COI, herufi za kinasaba 650 hivi, njia iliyopendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Guelph, Kanada. Picha tunapandisha iNaturalist, tovuti ya picha za viumbe, watu wanaowajua nyuki hao wanatazama. Nyuki aliyepunguziwa kipande cha mguu bado anaishi. Aliyechomwa pini haishi.

Ila niseme ukweli wote, maana mwanzilishi hakuusema: kuna wenzetu wanaotaka kwenda na bakuli za rangi. Njano, buluu na nyeupe, zenye maji ya sabuni, zinapangwa chini kutwa nzima. Nyuki anadhani ni ua, anatua, anazama.

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Nashukuru sana. Nianze na mzee wangu wa Gede, maana suala lako lina jibu. Hawa hawaingii kwenye mizinga yako. Thyreus hudoea kwa wachimbaji wa udongo, Coelioxys kwa wakata-majani, Sphecodes kwa nyuki wadogo wa ardhini. Nyuki wa asali anayemwingilia nyuki wa asali mwenzake yupo, ni wa Cape, lakini huyo ni balaa la wafugaji wa Afrika Kusini. Kwenye mizinga iliyohamwa kagua kwanza nondo wa nta, mende wadogo wa mizinga, siafu, na uhaba wa maji wakati wa kiangazi. Nakuomba sana, mzee, usiwaue hawa kwa kosa lisilo lao. Na wale wenye mistari ya buluu usiwaguse kabisa: wao hutetemesha ua la nyanya na biringani mpaka chavua ikamwagika, kazi ambayo nyuki wako wa mzinga haiwezi.

Bakuli za rangi: nimesikitika kusikia, na hapo sina mjadala. Bakuli haliulizi nani aingie. Unamtafuta mdoezi mmoja unarudi na mamia ya wenyeji, vipepeo na nzi, na jangwani wenyeji hao walikuwa na wiki chache tu za kutaga kabla ukame haujarudi. Zikiwemo bakuli, nauli yangu haimo, na nitawaomba wengine nao wazuie.

Sasa vinasaba, mwanangu. Hoja yako ni nzuri na nakuunga mkono hadi mahali fulani. Herufi zile 650 ni za kulinganishwa. Unazilinganisha na nini? Na herufi za nyuki ambaye mtaalamu alimweka chini ya hadubini, akamtaja jina, na mwili wake bado uko kwenye sanduku ili mwingine akibisha akamtazame tena. Mdoezi wa nchi kavu ya kaskazini ambaye hakuna aliyewahi kumweka hivyo, kipande chako cha mguu kitakupa mfuatano wa herufi usio na jina. Miaka 50 baadaye kitakuwa kimekwisha kutumika, na nyuki mwenyewe alisharuka. Mtaalamu wa wakati huo atakosa cha kushika. Picha nayo hujibu maswali uliyoyajua siku ya kupiga tu. Mwili hujibu hata ambayo hayajaulizwa: chavua iliyogandia kwenye manyoya, utitiri alioubeba, kiungo ambacho leo hakuna anayekijali.

Maalim wa Lamu, kwako nazungumza kwa adabu, maana umenigusa. Sitatoa fatwa, sina elimu hiyo. Ninachoweza kusema ni jinsi mimi ninavyoiona haja. Ardhi inakatwa na kugawiwa, barabara na mabomba yanapita, na mchanga wa pwani unachotwa kujengea. Mnapolinda vilima vya mchanga vya Shela mnalinda maji ya mji wenu, na kila mtu anaelewa. Atakayesimama kutetea kipande cha mchanga kwa ajili ya nyuki ataulizwa: nyuki gani? Akijibu "mmoja mweusi mwenye madoa", ameshindwa papo hapo. Mdudu asiye na jina haingii kwenye ripoti yoyote ya mazingira. Naona kuwaua wawili watatu ili mahali pao papate hoja si sawa na kuua kwa mchezo. Lakini umeuliza wachache ni wangapi, na hilo ni haki yako kulijua kabla hujatoa senti. Napendekeza kwa kila spishi tusiyoweza kuitaja, dume mmoja na jike mmoja kwa mahali pamoja, kwa safari nzima na si kwa kila kijana. Thyreus wako wa Matondoni hamo kwenye hesabu hii. Kwa picha ulizoeleza, na kwa kuwa unajua analala wapi na anadoea ukuta gani, wewe unamjua zaidi ya mwenye sanduku.

Vibali kwanza, vya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na vya mamlaka ya wanyamapori. Kila pini iwe na karatasi yenye mahali, tarehe, ua alilokuwa juu yake na, ikiwezekana, kiota alichokuwa anakivizia, maana mdoezi asiye na mwenyeji wake ni nusu ya habari. Na masanduku yakae Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nyuki wengi wa Afrika waliopewa majina enzi za ukoloni, miili iliyotumika kuwapa majina iko London, Berlin na Tervuren kule Ubelgiji. Kijana wa Malindi akitaka kulinganisha anahitaji viza. Linaniuma, na sitaki tuliongeze kwa mikono yetu.

Mchangiaji, Lamu

Umenijibu kwa heshima, na suala la bakuli umelimaliza vizuri. Juu ya kuua bado nimesimama nilipo, ila nitalipeleka kwa waliosoma kunizidi. Nina swali moja. Mmetembea siku nzima mchangani, mdoezi mmoja tu ndiye aliyeonekana, hafanani na wowote mnaowajua. Mtamchukua?

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Hapana, Maalim. Kwa msimamo wangu huyo anatiwa kwenye barafu, anapigwa picha pande zote, anakatwa kipande cha mguu, anaachiwa. Anaweza kuwa jike mwenye mayai ya mwaka mzima.

Mwanafunzi, Malindi

Mwalimu, samahani, hapo hata mimi wa kutoua sikuelewi. Umetuambia kipande cha mguu bila mwili ni herufi zisizo na jina. Huyo mmoja wa peke yake ndiye hasa asiye na jina. Ukimwacha yeye ukachukua wawili kati ya wale walio wengi, utakuwa umewaua ambao pengine wameshajulikana. Ama tuseme wote wanaachiwa, ama tuseme huyo ndiye wa kuchukuliwa. Mimi nasema wote waachiwe, lakini wewe naomba utuambie kanuni yako inasimama wapi.