Hizi modi za kamera (kichwa, mlima, mtu anayekimbia) zinafanya kazi kweli au ni mapambo? Naomba ushauri

nuru_ndogo

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenu. Kaka yangu kaniachia kamera yake, ile kubwa ya kubadilisha lenzi, si mpya, ina lenzi moja tu ile ya 18-55 na kitabu cha maelekezo kilishapotea zamani. Juu kuna gurudumu la kuzungusha lina vialama vingi, kuna Auto ya kijani, kichwa cha mtu, mlima, ua, mtu anakimbia, kichwa chenye nyota pembeni, halafu upande wa pili kuna P, S, A na M ambazo sizigusi maana nilijaribu M mara moja picha ikatoka nyeusi tii kama nimepiga ndani ya gunia.

Sasa jumamosi nikasema leo nakaa nayo mpaka nijue mbivu na mbichi. Nikamweka bibi kwenye kiti karibu na dirisha, nikapiga modi ya kichwa, kisha mlima, kisha ua, mimi sijasogea na yeye hajasogea. Kiukweli sijaona tofauti, bibi ni bibi na pazia ni pazia. Jioni nikamwambia mpwa wangu aruke kutoka kitandani nikaweka mtu anakimbia, hapo kweli kaganda hewani vizuri miguu juu lakini picha nzima ni chenga chenga. Usiku nikaweka ile ya kichwa na nyota, flashi ikawaka, mtoto akatoka na uso wake halafu pembeni kuna uso mwingine kama mzimu unamchungulia. Nikahamia mlima flashi ikagoma kabisa, nikajua nimeshaharibu kamera ya watu.

Kinachoniuma ni kwamba simu ya mdogo wangu, sehemu hiyohiyo, taa hiyohiyo, imetoa picha kali kuliko hili likamera lote. Wiki mbili zijazo tuna sherehe ya familia ukumbini usiku na nimeshajitapa kwamba picha ni mimi. Niweke modi gani? Au nibaki na Auto tu niache kiherehere?

Kivuli_Mchana

Mkuu kwanza tulia, kamera yako ni nzima na majibu yote unayo humohumo kwenye picha ulizopiga. Fungua picha ya bibi kwenye kamera, bonyeza mshale wa juu au kitufe cha info mpaka zitokee namba. Utaona kitu kama 1/60 (muda ambao shata, yaani pazia la ndani ya kamera, linabaki wazi), kitu kama f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na ISO ngapi sijui (jinsi kamera inavyoukuza mwanga). Hizo tatu ndizo zinazopika picha, na modi kazi yake ni kukukisia hizo namba na kuongeza mambo madogo ya rangi, fokasi na flashi, hakuna kingine ndani yake.

Modi ya kichwa inataka kufungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili nyuma ya mtu kufifie, na ngozi inalainishwa kidogo. Mlima inataka kubana tundu ili karibu na mbali vyote vionekane, inakoleza kijani na bluu, na flashi inazimwa makusudi kwa sababu flashi ya kamera haifiki mlimani hata ufanyeje. Ndiyo maana imegoma, haijafa. Mtu anakimbia nayo inazima flashi, inakimbiza shata na fokasi inamfuata mtu muda wote umeshika kitufe.

Sasa kwa nini bibi katoka yuleyule? Mambo mawili. Lenzi yako ukiivuta mpaka 55, yaani ukizumu mpaka mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6, kwa hiyo modi ya kichwa hata ikitamani kufungua zaidi haina pa kufungua. Na ndani ya nyumba mwanga ni kidogo, modi ya mlima nayo ikashindwa kubana kwa sababu ingebana picha ingetikisika, zikakutana palepale katikati. Umeomba watu wawili ushauri wote wamebanwa na mfuko mmoja. Rudia hilo zoezi nje saa nne asubuhi, mtu asimame mbali na ukuta hatua kama kumi, wewe msogelee, vuta lenzi mpaka 55, halafu linganisha kichwa na mlima. Hapo utaona.

ManualTu

Weka M upange namba zote mwenyewe, acha mambo ya kitoto. Hizo alama waliwekewa watalii.

mama_lenzi

@ManualTu na wewe ulizaliwa ukiwa na M mkononi? Mtu kakwambia M inamtolea giza na ana wiki mbili, unamwambia weka M. Tusisaidiane hivyo jamani.

Mdau, nikuelezee huo mzimu maana hakuna aliyeugusa. Ile modi ya kichwa na nyota inafanya vitu viwili ndani ya picha moja. Flashi inapiga kufumba na kufumbua, uso wa mtoto unagandishwa hapo. Lakini shata haijafungwa bado! Inabaki wazi kidogo ili ivute mwanga wa taa za nyuma yake zisiwe giza. Mtoto akiona flashi imewaka anajua tayari, anageuka anakimbilia mambo yake, na kamera bado inamchora. Huyo ndiye mzimu wako, ni yeye mwenyewe anaondoka 😂

Dawa yake waambie watu "msisogee mpaka niseme", wewe hesabu moja mbili kimoyomoyo ndipo uwaachie. Na kamera iegemeze mahali, meza, mgongo wa kiti, popote. Mimi hii modi naipenda kuliko zote hapo, watu wanaikimbia kwa sababu hawakuambiwa kwamba inahitaji mtu atulie.

nuru_ndogo

Asanteni sana, ila mimi ni dada jamani siyo kaka 😅 @Kivuli_Mchana nimekusoma, nimefungua hizo namba sasa hivi. Bibi modi ya kichwa: 1/60, f/5.6, ISO 800. Bibi modi ya mlima: 1/60, f/5.6, ISO 800. Yaani hata aibu hazina! Na mpwa akiwa hewani: 1/250, f/5.6, ISO 6400.

Kivuli_Mchana

Samahani dada, hapa kila mtu ni mkuu mpaka atakaposema.

Umeona sasa? Ile ISO 6400 ndiyo chenga zako. Kumgandisha mtoto hewani kunataka shata ya haraka, shata ikiwa haraka mwanga unaingia kidogo, tundu limeshafika mwisho, kwa hiyo kamera ikabaki na njia moja, kupandisha ISO, na ISO ikipanda chenga zinakuja nayo. Modi haijakosea hapo, imelipa gharama ambayo hukuiona. Mwambie aruke nje mchana na modi hiyohiyo uone ISO inashuka mpaka wapi, huenda ukaikuta 100 au 200 na picha safi.

Kuhusu simu ya mdogo wako, simu za siku hizi usiku hazipigi picha moja. Zinapiga nyingi mfululizo halafu zinazipanga juu ya nyingine na kuchuja chenga, wewe unaletewa moja tu. Kamera yako inapiga moja, ilivyo ndiyo ilivyo. Kuna baadhi ya Canon zina modi ya usiku ya kushika mkononi inapiga nne na kuziunganisha, mtindo uleule, lakini kwa alama ulizotaja sidhani kama yako inayo.

pikseli_tatu

mimi hiyo ya ua ilinichosha miezi, nilidhani nikiweka ua ndo naweza kusogelea mdudu mpaka puani, kumbe kwenye hizi kamera za kubadilisha lenzi ua haliibadilishi lenzi, kama lenzi yako inakomea robo mita ni robo mita tu hata uchore maua mia. na hiyo robo mita haihesabiwi toka kwenye kioo cha mbele, inahesabiwa toka kwenye kile kialama cha duara lenye mstari katikati, kipo juu ya bodi, wengi hawajui ni cha nini. kwenye zile kamera ndogo za mfukoni ndo ua linafanya kazi kweli, linairuhusu lenzi ifokasi karibu

mama_lenzi

Ongezea na hili zoezi, halihitaji mtu kurukaruka. Tandika shuka jeupe, lijaze picha nzima, piga kwa Auto, flashi izime. Kisha chukua nguo nyeusi fanya vilevile. Zote mbili zitatoka kijivu, utashangaa. Kipima mwanga cha kamera kinachukulia kwamba dunia ikichanganywa yote ni kijivu cha katikati, kikiona cheupe kingi kinakipunguza, kikiona cheusi kingi kinakipandisha. Ndiyo kazi ya ile modi ya theluji na ufukwe kwenye kamera zenye hiyo alama, inaiambia kamera "hicho ni cheupe kweli, usikiguse". Kama yako haina basi tumia P (kamera inapanga shata na tundu yenyewe) na kitufe chenye +/- cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, peleka +1 kwenye vyeupe. Ukumbini kukiwa na mtu wa gauni jeupe au meza zimefunikwa vitambaa vyeupe utanikumbuka. Kwenye hizi modi za vialama kamera nyingi za zamani zinakifunga hicho kitufe, hapo ndipo mimi nilipoachana nazo, sio kwa sababu ni za kitoto kama anavyosema fulani.

ManualTu

Fulani anasoma.

Haya nimekuelewa mama. Dada kwa ukumbini mimi ningekaa kwenye S, ambayo wewe unachagua kasi ya shata tu. Weka 1/125 iache hapo, ISO iwe ya auto na iwekee kikomo 3200, kamera itapanga tundu yenyewe. Watu wakicheza hawatikisiki sana. Na usizumu! Lenzi yako kwenye 18 inafungua f/3.5, kwenye 55 ni f/5.6, yaani ukizumu unatupa zaidi ya nusu ya mwanga. Tembea kwa miguu umfuate mtu. Ukikutana na Canon ya mtu hiyo S inaandikwa Tv, usidhani ni televisheni.

Kivuli_Mchana

Leo ManualTu kashauri kitu kisicho M, wadau mmeshuhudia.

Naafiki S kwa wanaocheza. Kwa waliopanga mstari wa picha ya pamoja weka kichwa na nyota na maelekezo ya mama_lenzi. Ila flashi hiyo ndogo inafika mita tatu nne hivi, ukikaa nyuma ya ukumbi ukafyatua utamulika vichwa vya mstari wa mbele na jukwaa litabaki giza. Na kama unaweza kuazima lenzi ya 50 yenye f/1.8 kwa mtu, azima. Ukilinganisha na f/5.6 hiyo inaingiza mwanga karibu mara 10, hakuna modi ya kukupa hicho.

nuru_ndogo

Mrejesho wadau. Nje asubuhi nimeona kwa macho yangu! Kichwa imetoa 1/500 f/5.6, mlima imetoa 1/200 f/9, zote ISO 100, na majani ya nyuma kwenye ya kwanza yamefifia yamekuwa madoa ya kijani, kwenye ya pili unahesabu moja moja. Shuka jeupe kweli limetoka kama la mtu asiyefua. Mzimu umeisha, nimewahesabia moja mbili wametulia kama wanapimwa presha. 50 ya kuazima bado natafuta.

Limebaki moja. Nikipiga kwa flashi nikiwa nimemsogelea mtu huku lenzi iko 18, chini ya picha kunatokea giza la nusu duara, kila picha palepale. Hii nayo ni modi gani?

pikseli_tatu

una lile kofia la plastiki mbele ya lenzi? livue, linakinga flashi

nuru_ndogo

Nimelivua, limeondoka 🙈 Siku tatu nzima namwambia bibi avute miguu nyuma.

mama_lenzi

Kamwombe msamaha bibi wa watu.

nuru_ndogo

Nimeshaomba. Kasema amesamehe ila kamera nisiilete tena karibu na kile kiti.