Matone meusi kwenye shuka: gumzo la korti yetu ya nyumba za makazi, Donholm, Nairobi

Mama Amina, nyumba 14: Hamjambo majirani. Naomba radhi kuleta jambo hili hapa badala ya kubisha mlango. Jana usiku stima ilipopotea, jenereta ya Mzee Kilonzo ilinguruma hadi alfajiri, na asubuhi nimekuta shuka zangu mbili nyeupe kwenye kamba zina matone meusi, mazito kama sukari iliyoungua, ambayo hata sabuni ya kipande imeshindwa kuyatoa. Yamerushwa na ekzosi inayochungulia juu ya ukuta wetu.

Mzee Kilonzo, nyumba 13: Pole sana, Mama Amina. Shuka nitazilipa. Kinachonishangaza ni kwamba mashine yenyewe ni nzima: ni MEP-803A ya kilowati 10, mtumba wa jeshi la Marekani, na oili na filta nilibadilisha mwezi uliopita. Fundi Otieno, wewe ndiye uliyeifunga, hebu tueleze.

Fundi Otieno: Salamu, Mzee. Mashine yako haiumwi, ina njaa. Usiku kucha uliiwashia taa sita, televisheni na kisanduku cha intaneti, mzigo usiofika hata nusu kilowati. Kwa kazi ndogo hivyo silinda hazipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na inayobaki hujichanganya na masizi na kutoka kwenye ekzosi kama Mama Amina alivyoona. Ukiiacha hivyo, uchafu huo utaganda kwenye nozeli na ringi za pistoni, na mashine iliyoundwa kwa ajili ya vita itauawa na balbu. Ipe angalau theluthi ya uwezo wake kila inapowaka.

Bwana Njoroge, nyumba 9: Nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya moja kama hiyo. Je, ninaweza kuichomeka kwenye soketi ya jikoni kwa waya wenye plagi pande zote mbili, kama alivyofanya shemeji yangu kule Kitengela?

Fundi Otieno: Bwana Njoroge, nakuomba umwambie shemeji yako aukate waya huo leo. Umeme ukiingia kupitia soketi huku swichi kuu haijazimwa, hutoka hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui mbele wala nyuma: volti 240 zako zinageuka 11,000 kwenye nyaya ambazo kijana wa stima amepanda nguzo kuzitengeneza, akiamini hazina moto. Lazima ufunge chenjiova, yaani swichi inayokata upande mmoja kabla ya kuunganisha mwingine, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati.

Halafu hizi za Marekani zina mambo yake. Zinatoa hezi 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, wakati sisi tunatumia 50, na volti 240 zake ziko kati ya nyaya mbili zenye moto, kila mmoja ukiwa na volti 120 tu ukipimwa na nyutro. Kwa Mzee ilibidi tuweke transfoma ya kutenganisha ili nyumba ipate laini moja na nyutro yenye ethi kama tulivyozoea. Pampu ya maji tuliiacha nje kabisa, kwa sababu mota yake ingezunguka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 20 na kuungua. Soma kibati cha vipimo kwenye jenereta kabla ya kulipa, maana jeshi lina nyingine za hezi 400, na hiyo ukiileta nyumbani utaigeuza meza ya kuwekea maua.

Bwana Njoroge: Na betri?

Fundi Otieno: Ni mbili za volti 12 zilizofuatana, jumla volti 24. Usiishtue kwa betri ya gari.

Mwalimu Halima, mwenyekiti wa korti: Asanteni. Nami nikumbushe kwamba kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 35 tu usiku kwenye makazi, na sijasikia jenereta ya dizeli inayonong'ona kiasi hicho. Tunaomba izimwe saa nne usiku, isipokuwa pale penye mgonjwa anayetegemea mashine.

Mzee Kilonzo: Nimekubali, Mwalimu. Fundi, huo mzigo wa theluthi nitautoa wapi? Mimi na mke wangu tu ndio tuliobaki nyumbani.

Fundi Otieno: Bafu lako la umeme peke yake linakula karibu kilowati tano, Mzee. Mara moja kwa mwezi iwashe mchana, ukiwa na bafu, pasi na birika, kwa saa moja au mbili hadi moshi uwe mwepesi. Tukiwa hapa, juu ya mita 1,600, hewa nyepesi inaipunguzia nguvu kidogo, kwa hiyo usiwashe vyote kwa pamoja na jiko la umeme. Jumamosi nitakuja kuigeuza ekzosi ielekee barabarani.

Mzee Kilonzo: Basi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Mwenye nguo za kupiga pasi alete.

Mama Amina: Nitaleta kapu zima, Mzee. Kamba yangu siku hiyo nitaifunga upande wa pili.