Mrejesho: zile mbao za mgrivea nilizopasua nyumbani

Wakuu narudi na mrejesho. Kwa wasiokumbuka, niliuliza mbao za inchi 2 za mgrivea tulizopasua kwa chenso hapa Moshi zikaushweje bila kupasuka ncha maana nataka kutengeneza meza.

Nilifuata ushauri wenu, nikazipanga kivulini juu ya matofali, kati ya mbao na mbao fito za inchi moja kila futi 2, na fito zote zimenyooka mstari mmoja toka chini mpaka juu (hapa fundi wangu alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu), ncha tukazipaka rangi ya mafuta nzito, juu bati na mawe, pembeni wazi upepo upite.

Matokeo: ncha zilizopakwa rangi zimetulia, nyufa ndogo tu. Zilizopinda ni zile zenye kiini cha mti, hizo nimezikata fito.

Sasa kujua zimekauka, aliyesema nipime uzito ubarikiwe. Nilikata kipande katikati ya ubao, sio nchani maana ncha hukauka mapema inakudanganya, kikawa gramu 560, nikakiweka oveni nyuzi 103 mpaka uzito ukagoma kushuka, kikabaki 500. Yaani maji gramu 60, gawanya kwa 500, asilimia 12. Kwa meza ya ndani inatosha kabisa.

Fundi anaanza kupiga randa wiki ijayo, picha nitaweka.